Theluji Hushikwa, Tope Hutupwa: Kuchagua Matairi ya Pikapu na Tela Uganda

Ukipita kwenye maduka ya matairi ya mtumba Kampala utayakuta yamepangwa hadi darini, yamepakwa dawa nyeusi yang'ae, na mengi kashata zake bado ndefu. Muuzaji atakuambia, "Ssebo, tazama meno haya, ni kama mapya." Meno ni marefu kweli. Lakini litoe tairi kwenye safu, uligeuze, usome ubavuni. Ukikuta picha ya mlima wenye vilele 3 na chembe ya theluji ndani yake, au neno STUDLESS (tairi la theluji lisilo na misumari) kwa herufi kubwa, kuna uwezekano mkubwa kwamba tairi hilo lilitengenezwa kwa ajili ya barabara za Hokkaido, kaskazini mwa Japani, au za Ujerumani mwezi wa Januari. Uganda theluji iko juu ya milima ya Rwenzori peke yake, ambako kilele cha Margherita kina mita 5,109, na huko hakuna barabara ya gari.

Hili ndilo kosa la kwanza ninalotaka wenye pikapu walielewe, maana magari mengi tunayonunua huja kutoka Japani yakiwa yamevaa matairi hayo, na mtu huyaacha hivyo hivyo kwa kuona bado yana kashata. Anapakia matoke, anafunga tela, anashika njia ya Masaka. Gari linayumba kwenye kona, breki zinavuta mbali, na baada ya miezi michache kashata zimeliwa. Fundi anabadilisha shokamzoba, anapima alaimenti, na kisa chote kilikuwa raba.

Raba ya tairi la kawaida hukakamaa baridi inaposhuka chini ya nyuzijoto 7 hivi. Kwa hiyo mtengenezaji wa tairi la theluji huchanganya raba laini zaidi, yenye silika nyingi, inayobaki kunyumbulika hata maji yakiganda. Kisha kila kashata hukatwa mikato mingi myembamba, kama iliyopitishwa wembe. Tairi likikanyaga, mikato hiyo hufunguka, ikauma theluji na kuibana. Theluji hushikana na theluji mwenzake kuliko inavyoshikana na raba, ndiyo maana tairi hilo limeundwa libaki na theluji kidogo ndani ya mikato yake. Tope halifai kubaki hata chembe. Likishajaa kwenye mifereji, tairi linageuka donge la udongo linalozunguka juu ya udongo. Tairi la tope lazima litupe kile lilichokanyaga kabla halijarudi chini tena. Kazi hizi mbili hazifanani, na tairi lililoundwa kwa theluji tupu likifika kwenye mfinyanzi wa Kanungu hujaa na kunyamaza.

Kwenye lami yetu ya saa nane mchana hali ni mbaya zaidi. Raba laini huwa kama ubani uliotafunwa: kashata hulala upande gari linapokata kona, umbali wa kusimama huongezeka, na mawe makali ya moramu huzinyofoa vipande vipande. Ukiongeza tela, ule ulaini wa kashata ndio unaoanzisha kuyumba kwa mkia. Tairi la theluji likizeeka hubadilika tena: mafuta yaliyoilainisha raba yanaisha, raba inakuwa ngumu, na ule ushikaji wa mwanzo nao haupo. Matairi ya theluji ya Kijapani yana kidokezo kimoja cha kuyatambua. Ndani ya mifereji kuna vijukwaa vya raba vinavyofikiwa kashata zikiliwa nusu. Huko kwao kikifikiwa kijukwaa hicho tairi halihesabiwi tena kuwa la theluji, na mwenye gari hulivua. Baadhi ya hayo yanayovuliwa ndiyo tunayouziwa sisi.

Usichanganye alama ya mlima na herufi M+S. Herufi hizo maana yake ni matope na theluji, lakini ni tamko la mtengenezaji mwenyewe kuhusu umbo la mifereji, halihitaji jaribio lolote. Utazikuta hata kwenye matairi ya lami yenye kashata za kawaida kabisa. Alama ya mlima na chembe ya theluji hupatikana baada ya jaribio: tairi lazima livute kwenye theluji angalau asilimia 10 zaidi ya tairi la kulinganishia. Ujerumani wameona tofauti hiyo ni kubwa kiasi kwamba tangu tarehe 1 Oktoba 2024 tairi lenye M+S peke yake halikubaliki tena kama tairi la majira ya baridi. Kwa hiyo mtu anayekuuzia tairi la "matope" kwa kukuonyesha M+S hajakuonyesha kitu bado.

Hata hivyo alama ya mlima peke yake si sababu ya kulikataa tairi. Yapo matairi ya njia zote, yanayoandikwa A/T, yaliyofaulu jaribio hilo la theluji bila kuwa na raba laini ya Hokkaido. BFGoodrich All-Terrain T/A KO2 ni mojawapo. Tofauti utaipata kwa vidole. Bonyeza kashata kwa ukucha: ikiingia kirahisi na kashata imejaa mikato ya wembe kutoka ukingo hadi ukingo, liache. Ikiwa ngumu, yenye vipande vikubwa na mifereji mipana kati yake, endelea kulichunguza. Herufi ya mwendo nayo husaidia. Matairi ya theluji ya Kijapani ya magari ya fowili mara nyingi huandikwa Q, yaani kilomita 160 kwa saa, wakati ya kawaida ya ukubwa huo huwa S, 180, au zaidi. Lakini usiitegemee Q peke yake, kwa kuwa matairi mengi ya matope pia huandikwa hivyo.

Tukija kwenye tope lenyewe, Uganda haina tope la aina moja, na hapa ndipo ushauri wa dukani unapokosea. Kwenye milima ya Kisoro, Kanungu na Bududa tope ni utando wa mfinyanzi mwekundu wenye kina cha sentimita chache juu ya ardhi ngumu. Gari haliko hatarini kuzama bali kuteleza, mara nyingi kuelekea bondeni. Tairi jembamba hulikata tope hilo na kugusa ardhi ngumu chini yake, na tairi pana huelea juu kama sabuni. Ndiyo sababu Land Cruiser za kazi zenye matairi ya 7.50R16, upana wa sentimita 21 hivi, hupanda miinuko ambayo gari la kifahari lenye matairi ya upana wa milimita 265 linashindwa.

Karamoja ni jambo lingine. Udongo mweusi wa mbuga, ule ambao wahandisi huuita wa pamba, hunyonya maji, huvimba, na hauna sakafu ya karibu ya kuitafuta. Unashika. Huingia kwenye mifereji, hujaa chini ya bangabanga, na gari huzimwa na uzito wa udongo lililoubeba lenyewe. Huko tairi jembamba lenye upepo mwingi huzama kama kisu. Unahitaji tairi lenye mifereji mipana sana, upepo ulioshushwa, na mwendo usiokatika. Na kama mvua imenyesha asubuhi kati ya Kotido na Kaabong na hujalazimika, zima gari usubiri. Jua la saa chache hukausha ganda la juu, na ganda hilo ndilo litakalokubeba.

Barabara ya kwenda Ishasha ina tatizo la tatu: malori mazito huchimba mifereji mirefu, na pikapu inaingia humo kama treni kwenye reli. Kinachokuokoa huko ni kashata za bega. Tazama ukingo wa tairi, pale kashata zinapopinda kushuka ubavuni. Tairi la matope, M/T, huwa na vipande vikubwa vinavyoendelea kushuka ubavuni, na hivyo ndivyo hukwaruza kuta za mfereji na kukupandisha. Tairi la lami, H/T, bega lake ni laini, halina cha kukwaruzia.

Je, basi kila mtu anunue M/T? Hapana, na hili nalisema kwa uzito wote. M/T ina eneo dogo la raba linalogusa lami. Kwenye lami iliyolowa, kwa mfano miteremko ya Kabale hadi Kisoro asubuhi yenye ukungu, huchelewa kusimama kuliko A/T. Hula mafuta, hupiga kelele, na kashata zake huliwa kwa mawimbi usipobadilishana nafasi za matairi kila kilomita 8,000 hadi 10,000. Ikiwa safari zako nyingi ni lami na moramu kavu, na tope unakutana nalo msimu wa Machi hadi Mei na ule wa Septemba hadi Novemba, chukua A/T yenye mifereji inayofunguka hadi ukingoni. M/T ni ya mtu ambaye tope ndiyo ofisi yake: gari la kubeba wagonjwa wa vijijini, la hifadhi, la mafundi wa minara ya simu.

Kina cha kashata kina maana tofauti kwenye tope na kwenye lami. Vijukwaa vingine, vile vya kuonyesha mwisho wa tairi lolote, milimita 1.6, ni kwa ajili ya maji kwenye lami. Kwa tope, tairi lililobaki na milimita 5 limekwisha kazi hata kama trafiki hatakusumbua. Nunua kipimo kidogo cha kina, au tumia rula ya chuma, upime sehemu 3: ukingo wa ndani, katikati, na ukingo wa nje. Ukingo mmoja ukiwa umeliwa zaidi, tatizo ni alaimenti. Katikati ikiliwa, umekuwa ukijaza upepo kupita kiasi. Kingo zote mbili zikiliwa, upepo umekuwa mdogo.

Sasa upepo, na hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu tairi zuri lenye upepo mbaya hushindwa na tairi la wastani lenye upepo sahihi. Mahali pa kuanzia ni kibandiko kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Kina namba ya gari tupu na ya gari lenye mzigo, mbele na nyuma. Namba iliyoandikwa ubavuni mwa tairi ni kikomo cha tairi, si maagizo ya gari lako. Pima asubuhi kabla gari halijatembea. Ukishuka gereji baada ya kilomita 60, upepo umepanda kwa joto, na ukiutoa hadi kufikia namba ya kibandiko, tairi likipoa litabaki na upepo mdogo.

Ukiwa huna uhakika na upepo wa gari lenye mzigo usio wa kawaida, tumia kipimo cha joto. Pima likiwa baridi, endesha saa nzima kwa mwendo wako wa kawaida, pima tena. Kwa tairi la pikapu la aina ya LT, yaani la malori mepesi, ongezeko la PSI 6 (PSI ndicho kipimo cha upepo) ni sawa. Kwa tairi la gari dogo, PSI 4. Likipanda zaidi ya hapo, tairi linajikunja mno na kupata joto, maana yake ulianza na upepo mdogo. Likipanda chini ya hapo, ulijaza sana.

Kwenye tope laini shusha. Pikapu isiyo na mzigo mkubwa inayotembea na 35, ishushe hadi 25 kabla hujaingia kwenye tope. Wengi hushusha baada ya kunasa, wakati valvu tayari imefukiwa. Hali ikizidi nenda hadi 20, na 18 kwa dharura. Chini ya 15 mdomo wa tairi unaweza kuachia rimu unapokata usukani, na kulirudisha porini ni kazi ya nusu siku. Tairi likishushwa hurefuka zaidi kuliko linavyopanuka: ile alama linaloacha chini inakuwa ndefu, kashata nyingi zaidi zinagusa kwa wakati mmoja. Kwa PSI 20 usizidi kilomita 40 kwa saa, na usipite juu ya mawe makali, maana ubavu umevimba nje na hauna ulinzi. Gari likiwa na tani moja mgongoni, matairi ya nyuma yashushe kwa PSI 5 hivi, basi. Kabla ya kurudi kwenye lami, jaza. Kompresa ya volti 12 inayobanwa moja kwa moja kwenye betri, injini ikiwa inaunguruma, inatosha. Ile ya kuchomeka kwenye tundu la kiberiti hukata fyuzi.

Wenye matairi ya tyubu wasishushe hivyo. Upepo ukiwa mdogo tairi huzunguka juu ya rimu, tyubu inavutwa, na shina la valvu linakatika. Rimu za vipande za 7.50R16 zina sifa kubwa: unaweza kuziba pancha porini kwa nyundo na vyuma viwili. Zina hatari pia. Toa upepo wote, ng'oa kiini cha valvu, ndipo uguse pete ya chuma inayolishikilia tairi kwenye rimu. Unapojaza, geuza pete itazame chini au ukutani, funga mnyororo kuzunguka rimu, na usimame pembeni. Pete ikiruka inaua.

Kwenye tope lenyewe, tairi linajisafisha kwa mzunguko. Fowili lo, gia ya pili au ya tatu, mwendo usiobadilika. Ukiona kashata zimejaa na gari linapunguza, ongeza mafuta kidogo kwa ghafla ili matairi yatupe udongo, kisha rudisha. Ukizungusha muda mrefu bila kusogea unachimba kaburi la ekseli. Minyororo ya matairi, ile inayotumika kwenye theluji Ulaya, hufanya kazi hata kwenye mfinyanzi wetu, ila ifungwe kwenye magurudumu yote mawili ya ekseli moja, usizidi kilomita 30 kwa saa, na uivue ukifika mahali pagumu.

Mzigo na tela vina hesabu yake, nayo si ya kukisia. Baada ya ukubwa wa tairi, kwa mfano 265/65R17, kuna namba na herufi, 112S. Hiyo 112 ni fahirisi ya mzigo: kilo 1,120 kwa tairi moja. 106 ni kilo 950, 110 ni 1,060, 121 ni 1,450. Ukiona namba mbili, 121/118, ya kwanza ni tairi likiwa peke yake, ya pili likiwa pacha.

Chukua pikapu ambayo ekseli ya nyuma hubeba kilo 800 ikiwa tupu. Weka mikungu 30 ya matoke, tuseme kilo 700, karibu juu ya ekseli: 1,500. Funga tela lenye uzito wa kilo 1,500 pamoja na mzigo wake. Tela lililopangwa vizuri hukandamiza mpira wa chuma wa kuvutia tela, ulio nyuma ya pikapu, kwa asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake. Tuchukue 10, yaani kilo 150. Lakini mpira uko nyuma ya ekseli, kwa hiyo hufanya kazi kama wenzo. Ikiwa umbali wa ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni mita 3.1, na mpira uko mita 1.2 nyuma ya ekseli, zile kilo 150 zinaikandamiza ekseli ya nyuma kwa kilo 208 na kuinyanyua ya mbele kwa 58. Sasa ekseli ya nyuma ina kilo 1,708, kila tairi 854.

Tairi la 106, kilo 950, linaonekana linatosha. Lakini kama ni tairi la aina ya gari dogo lililofungwa kwenye pikapu, kanuni inayotumika Marekani ni kugawanya uwezo wake kwa 1.1, kwa sababu pikapu hulitesa zaidi. 950 ikigawanywa inabaki 864. Umebakiwa na kilo 10. Mtu mmoja akipanda juu ya matoke, umezidi. Kwa kazi hiyo nunua 112 au tairi la LT, na ile nyanyuko ya mbele nayo uikumbuke: usukani ukiwa mwepesi kwenye tope, tela limekandamiza nyuma kupita kiasi, sogeza mzigo wa tela nyuma kidogo. Usiusogeze sana, kwa kuwa tela lenye uzito nyuma ndilo linalotikisa mkia kwenye mteremko.

LT ina mtego wake. Tairi la LT la kiwango cha mzigo cha herufi E, lenye fahirisi 121, hubeba zile kilo 1,450 kwa PSI 80. Ukilijaza 35 kwa mazoea ya gari dogo, uwezo wake hushuka chini ya kilo 1,000. Watu hununua tairi nene, hulijaza kama la zamani, kisha hulaumu tairi likipasuka.

Usiongeze ukubwa kwa ajili ya urembo ukivuta tela. Kutoka 265/65R17 kwenda 265/70R17 kipenyo kinakua kutoka milimita 776 hadi 803, asilimia 3.4. Spidi ikionyesha 100 unakimbia 103, na kila gia imekuwa ndefu zaidi, kwa hiyo klachi ndiyo italipa kwenye mlima. Na kwenye fowili matairi yote 4 yawe na mzunguko mmoja. Mawili mapya na mawili yaliyoliwa kwenye gari la fowili ya kudumu huifanya difu ya kati ifanye kazi bila kupumzika.

Matairi ya tela ndiyo yanayodharauliwa kuliko yote. Husimama juani miezi, huliwa kidogo, huzeeka kabisa. Tela likiwa na mzigo kamili, hapa ndipo unapojaza hadi kikomo kilichoandikwa ubavuni, mradi rimu nayo inakihimili. Usifunge tairi la nailoni upande mmoja na la waya upande wa pili wa ekseli moja; hujikunja tofauti, na tela linavuta upande. Simama baada ya kilomita 20 za kwanza, weka kiganja kwenye kila tairi na kila habu. Tairi moja likiwa moto kuliko wenzake lina upepo mdogo. Habu ikiwa moto ni beringi au breki inayoshika.

Kwa lori dogo lenye matairi pacha, kipenyo cha mapacha kisipishane zaidi ya milimita 6. Lililo kubwa hubeba mzigo wote, lililo dogo huburuzwa, na yote mawili hufa mapema. Kila unaposimama, utingo achungulie katikati yao: jiwe lililobanwa hapo hupasua mbavu mbili kwa mpigo. Lori kubwa lina hesabu finyu zaidi. 315/80R22.5 yenye 156 hubeba kilo 4,000, na ekseli ya usukani kisheria katika Afrika Mashariki ni tani 8. Yaani matairi mawili yamefika kikomo kabisa, hayana akiba, na upepo wake ni PSI 120 na zaidi. Tairi la lori lililotembea likiwa na upungufu wa asilimia 20 lihesabiwe limetembea bila upepo. Lisijazwe tena kabla ya kuvuliwa na kukaguliwa ndani, kwa sababu waya za ubavu zikishakunjwa na kuchoka, huachia wakati wa kujaza na ubavu hufunguka kama zipu, mbele ya uso wa fundi.

Ukiwa dukani, kabla ya kutoa pesa, soma tarehe. Tafuta herufi DOT na namba 4 za mwisho: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mara nyingi namba kamili iko upande mmoja tu, kwa hiyo geuza. Kampuni kubwa za matairi hushauri ukaguzi wa kila mwaka tairi likifika miaka 5, na kulitoa likifika 10 hata kama kashata ni nzima. Uingereza wamepiga marufuku matairi ya zaidi ya miaka 10 kwenye ekseli ya mbele ya malori na mabasi tangu Februari 2021. Kwa tela na mzigo, mimi sinunui la mtumba lililozidi miaka 6.

Kisha ingiza mkono ndani. Ukigusa unga wa raba, au ukiona pete ya mikunjo imezunguka ubavu kwa ndani, lilitembea bila upepo. Liache hata kwa bei ya bure. Kiraka kilicho chini ya kashata kinaweza kukubalika ikiwa tundu halikuzidi milimita 6 na lilizibwa kwa kiraka chenye umbo la uyoga kutoka ndani. Kiraka cha ubavuni hakikubaliki. Tazama pia kama mifereji imechongwa upya kwa kisu cha moto. Dalili ni hizi: kuta za mfereji zina alama za kisu, upana unabadilika, na vile vijukwaa vya milimita 1.6 vimekatwa au vimetoweka. Yapo matairi ya malori yaliyoandikwa REGROOVABLE, yenye raba ya ziada kwa kazi hiyo. Ya pikapu hayana, na aliyelichonga amekaribia waya.

Baada ya kufunga, kaza nati kwa mpangilio wa msalaba, gari likiwa limeshushwa, kisha rudia baada ya kilomita 50 hadi 100. Rangi au kutu kati ya rimu na habu hujisaga na nati hulegea, hivyo pitisha brashi ya waya kwanza. Tairi la akiba nalo litoke kwenye seti ile ile, lipimwe kila mwezi, na lishushwe kutoka chini ya bodi: kebo yake hushika udongo na kutu, ukasikia spana inazunguka bila tairi kushuka. Ipake grisi, na hakikisha jeki ina ubao wa sentimita 30 kwa 30 wa kuikalisha, kwa sababu kwenye udongo mweusi jeki huzama kabla gari halijanyanyuka.